Enema ya kubakizwa

Enema ya kubakizwa ni kimiminika kinachoingizwa katika rektamu, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, kwa nia ya kukaa humo kwa muda, tofauti na enema ya kusafisha, ambayo hutolewa mara mtu anapobanwa na haja. Hospitalini hutumiwa kulainisha choo kigumu kwa mafuta, ambayo hubakizwa kwa nusu saa au zaidi, au kufikisha dawa kama mesalazini kwenye utumbo wenye vidonda. Baadhi ya watu wazima huifanya kwa ashiki, mwelekeo ambao daktari wa akili Joanne Denko wa Marekani aliuita klismafilia mwaka 1973.

Vifaa vyake ni mfuko wa maji, mpira wa kupitishia, kibano cha kudhibiti mtiririko na ncha laini inayopakwa jeli. Mtu hulala kwa ubavu wa kushoto na kukunja goti la kulia, kwa kuwa sehemu ya chini ya utumbo mpana iko upande huo, na kimiminika chenye joto linalokaribia la mwili huingizwa polepole, kwani maji baridi au yanayokwenda kasi huleta msokoto wa tumbo. Katheta yenye puto, linalojazwa hewa ndani ya rektamu ili kuzuia kuvuja, hutumika katika picha za eksirei za bariamu, lakini puto likijazwa kupita kiasi laweza kupasua utumbo. Maji matupu yakiingizwa kwa wingi na kurudiwarudiwa hushusha sodiamu ya damu, hali inayoweza kuua.