Unahodha wa kriketi na lawama za umma

Unahodha wa kriketi ni wadhifa wa mchezaji anayeiongoza timu akiwa uwanjani, nao haulingani na ule wa soka. Nahodha wa soka hufuata mpango wa kocha aliyesimama kando ya mstari, ilhali wa kriketi hukata shauri mwenyewe mchezo ukiendelea. Ndiye anayehudhuria kurushwa kwa sarafu na, akishinda, kuchagua timu yake ianze kupiga au kurusha, ndiye anayempa mrushaji ova, yaani zamu ya mipira sita halali, na ndiye anayewapanga wadakaji. Maamuzi hayo hufanyika hadharani lakini huhukumiwa matokeo yakishajulikana, na baada ya mechi hakosekani shabiki aliyejua tangu asubuhi kwamba sarafu ilichaguliwa vibaya.

Nchini Kenya mzigo huo ulizidi uzito baada ya kikosi cha Maurice Odumbe kuishinda West Indies kwa mikimbio 73 mjini Pune, tarehe 29 Februari 1996, kwa kuwa kila nahodha aliyefuata alipimwa kwa siku hiyo moja. Aasif Karim aliiongoza timu katika Kombe la Dunia la 1999, akapoteza mechi zote tano na kisha akastaafu. Alirejeshwa kwa Kombe la Dunia la 2003, akiwa na umri wa miaka 39, safari hii kama mchezaji wa kawaida chini ya Steve Tikolo, na tarehe 15 Machi mjini Durban alirusha dhidi ya Australia ova nane na mipira miwili, akatoa mikimbio 7 tu na kuangusha wiketi 3, ya kwanza ikiwa ya nahodha wao, Ricky Ponting. Australia ilishinda hata hivyo. Tikolo naye alifika nusu fainali, na bado wapo waliomkumbusha pointi za bure zilizotokana na New Zealand kukataa kwenda Nairobi kwa hofu ya usalama, kana kwamba Sri Lanka haikufungwa hapo hapo Nairobi kwa mikimbio 53.

Lawama kwa kawaida humwangukia nahodha hata pale chanzo kilipo ofisini, katika malipo ya wachezaji au udhaifu wa ligi, mambo ambayo hana mamlaka nayo. Kwa hiyo mwaka 2018 ni wa kipekee: Kenya iliposhika mkia katika mashindano ya daraja la pili nchini Namibia, nahodha Rakep Patel alijiuzulu, lakini pia kocha Thomas Odoyo na mwenyekiti wa chama, Jackie Janmohamed.

Uganda ilionja hali hiyo katika Kombe la Dunia la ova 20 la 2024, ambamo kikosi cha Brian Masaba kiliishinda Papua New Guinea, kisha kikatolewa chote kwa mikimbio 39 na West Indies na kwa 40 na New Zealand. Masaba aliachia unahodha, ukachukuliwa na Riazat Ali Shah. Na mrushaji wake Frank Nsubuga, mwenye miaka 43, alirudi Kampala na rekodi yake ya ova nne kwa mikimbio 4, ambayo magazeti yaliitaja baada ya ile 39.