Mzigo wa Mwenzio

Sisi tuliokulia Tabora tumezaliwa juu ya njia. Misafara ilipita hapa kati ya pwani na Ujiji, na mwaka 1857 Burton na Speke walipofika Kazeh, sehemu ya Tabora ya leo, waliwakuta wafanyabiashara Waarabu wamekwisha kutulia. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo zipatazo 32. Burton alisimulia jinsi wapagazi walivyogombea mizigo asubuhi, kila mmoja akitaka ulio mwepesi. Mimi siwacheki. Tajiri alipima kwa mizani, lakini mpagazi naye alipima kwa bega lake, na bega lilimwambia kweli kabla ya safari kuanza.

Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, mabega yakapumzika. Kwa reli hiyo nilimpeleka shangazi yangu Dar es Salaam mwaka 1998. Alikuwa na saratani ya shingo ya kizazi, na wakati ule nchi nzima ilikuwa na mahali pamoja tu pa tiba ya mionzi: Ocean Road, hospitali ya zamani ya Wajerumani iliyofanywa taasisi ya saratani inayojitegemea mwaka 1996. Akapangiwa kupigwa mionzi mara 25, kila mara grei 2. Grei ndicho kipimo cha mionzi inayoingia mwilini.

Usiku wa kwanza aliniuliza, "Mwanangu, kile walichonitwika leo kina uzito gani? Mbona sikusikia kitu?"

Sikuwa na jibu. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Shangazi alikuwa mpagazi asiye na bega la kupimia. Iwapo waliomtwika wamekosea, angejua baada ya majuma, na mzigo huo hautuliki.

Siku hizo hesabu nyingi zilifanywa kwa majedwali na kalamu. Leo programu ya kompyuta huchora mipaka ya uvimbe, huchagua pembe za miali na kupanga dozi kwa dakika chache. Si jambo la kubeza, hasa katika nchi zenye wataalamu wachache na wagonjwa wengi. Lakini yafaa tukumbuke yaliyotokea Panama.

Katika miaka ya 2000 na 2001, taasisi ya taifa ya saratani ya huko ilitumia programu iliyokubali vizuizi vinne tu vya kukinga sehemu nzima za mwili. Madaktari walitaka cha tano. Wafanyakazi wakabuni njia ya kuviingiza vyote kama umbo moja. Programu haikugoma wala haikuonya. Ilitoa muda wa tiba uliokaribia kuwa maradufu ya uliotakiwa. Wagonjwa 28 walizidishiwa mionzi. Wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki walipochunguza, wanane walikuwa wamekwisha kufa, na vifo vitano vilionekana huenda vimetokana na mionzi hiyo.

Hesabu fupi ya mkono ingeliibua kosa lile siku ya kwanza. Hakuna aliyeifanya, maana kompyuta ilikuwa imekwisha sema.

Ndiyo sababu kazi ya mashine hupimwa upya kwa njia nyingine. Hesabu hurudiwa kwa programu tofauti, si ile ile iliyopanga. Mpango hujaribiwa kwanza kwenye sanamu ya plastiki au tangi la maji lenye vipimio ndani. Mtu wa pili, ambaye hakuupanga, huusoma kabla mgonjwa hajalala kitandani. Na kadiri mashine inavyopatia mara nyingi, ndivyo ukaguzi unavyozidi kuwa mgumu, kwa kuwa jicho lililokwisha zoea kuona sawa huacha kutazama.

Kwa bahati njema shangazi alirudi Tabora, akalima tena karanga zake kwa miaka mingi. Swali lake ningali nalo. Leo ningemjibu hivi: "Shangazi, wewe huwezi kuupima mzigo huo. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kuunyanyua kwanza kwa niaba yako, auhesabu kama atakayeubeba ni yeye."