Kutoka Kalamu za Rangi hadi Kompyuta: Nusu Karne ya Ramani ya Mawazo

Ramani ya mawazo ni mchoro unaoanza na wazo moja katikati ya ukurasa, kisha ukatoa matawi: mada kubwa karibu na kitovu, vipengele vidogo kuelekea pembezoni. Mwaka 2024 ilitimia miaka 50 tangu Mwingereza Tony Buzan auingize mchoro huo majumbani kupitia televisheni ya BBC. Kila historia yake inapotajwa jina la Buzan hutangulia, na anastahili. Lakini mwandishi anayepanga sura za riwaya kwenye kompyuta, au mtayarishaji wa filamu anayepanga matukio ya hadithi yake, anatumia chombo ambacho Buzan hakukibuni na ambacho kwa miaka mingi kilivunja kanuni zake nyingi.

Kuigawa elimu kwa umbo la mti ni jambo la kale. Wanazuoni wa zama za kati walichora miti kufafanua maandishi ya Porphyry, mwanafalsafa wa karne ya 3, na Ramon Llull wa Mallorca alipanga elimu zote za wakati wake kwa miti katika kitabu alichokiandika mwaka 1295 na 1296. Katika miaka ya 1970 Joseph Novak wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alibuni ramani za dhana ili kufuatilia jinsi watoto wanavyoelewa sayansi. Katika ramani za Novak kila mstari hubeba maneno yanayoeleza uhusiano wa dhana mbili, na dhana moja huweza kuunganishwa na nyingine nyingi.

Buzan, aliyezaliwa London mwaka 1942 na kusoma Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Kanada, alikuja na kipindi cha “Use Your Head” mwaka 1974, pamoja na kitabu chenye jina hilohilo. Mchango wake mkubwa ulikuwa kanuni. Karatasi ilazwe kwa upana. Katikati iwekwe picha, tena ya rangi zisizopungua tatu. Matawi yapinde, yawe manene kwenye kitovu na kukonda kadiri yanavyokwenda mbali. Kila tawi libebe neno moja tu. Aliyezifuata alipata ukurasa wa kupendeza na, kwa maelezo ya Buzan, kumbukumbu imara zaidi.

Karatasi ina kasoro moja ambayo kanuni hizo hazikuitibu. Tawi lililochorwa kushoto halihamii kulia, na wazo likikua kuliko nafasi yake, mchoro wote huanza upya. Hatua ya mapema ya kompyuta ilikuwa Inspiration, programu ya mwaka 1988 kwa ajili ya Macintosh, iliyopata makao katika shule za Marekani. Iliweza kugeuza mchoro kuwa orodha yenye vichwa na vipengele, kisha kuirudisha orodha kuwa mchoro. Kwa mwanafunzi anayetaka kuandika insha, huo ulikuwa msaada mkubwa.

Tukio lililobadilisha mambo lilitokea hospitalini. Katikati ya miaka ya 1990 Mike Jetter, mwandishi wa programu, aliugua saratani ya damu na akapandikizwa uboho. Mgonjwa wa namna hiyo hukaa ametengwa kwa majuma, kwa kuwa tiba imeishusha sana kinga ya mwili wake. Ni katika kipindi hicho cha kupona ndipo Jetter alipoanza kuandika programu ya ramani za mawazo, akilenga hasa udhaifu ule wa karatasi: kushindwa kuhamisha kitu kikishachorwa.

Jibu lake lilikuwa rahisi kueleza na gumu kulitekeleza. Kila wazo lilikuwa kifundo kinachoshikika kwa kipanya. Kikivutwa kwenda upande mwingine, kilihama na vyote vilivyoning'inia chini yake. Matawi yaliweza kukunjwa ili macho yabaki kwenye mada kuu, na kukunjuliwa tena yanapohitajika. Kwa mtunzi wa hadithi maana yake ni kwamba tukio la sura ya tatu lingeweza kupelekwa sura ya saba pamoja na mazungumzo, maelezo ya mandhari na maswali yake yote, bila kufuta hata neno moja. Kupanga kazi hakukuwa tena jambo la kukamilisha kabla ya kuandika. Mpangilio uliweza kubadilika kila siku pamoja na kazi yenyewe.

Alipotoka hospitalini, Jetter aliamua kuiuza programu hiyo kwa jina la MindMan. Mwaka 1999 ikaitwa MindManager. Yeye na mkewe Bettina walijenga kampuni iliyojulikana baadaye kama Mindjet, yenye makao California. Mwanzoni ramani zake zilifuata mbinu ya Buzan, lakini mtindo ukaachana naye hatua kwa hatua: sentensi nzima kwenye kifundo, mistari iliyonyooka, tarehe na mafaili yaliyoambatishwa. Maofisini ndivyo walivyotaka.

Hapo ndipo palipo mgogoro ambao haujaisha. Wafuasi wa Buzan wanashikilia kuwa mchoro usio na rangi, picha na neno moja kwa tawi si ramani ya mawazo kamili. Jina la Kiingereza la mbinu hiyo lilisajiliwa na kampuni yake kama alama ya biashara kwa ajili ya mafunzo. Hatimaye Buzan mwenyewe aliingia sokoni mwaka 2006 na programu ya iMindMap, iliyojivunia matawi yaliyopinda kama ya mkono.

Ushahidi haukumpa ushindi kamili. Madai yake kwamba ramani hizo hutumia nusu zote mbili za ubongo yalikwenda mbali kuliko sayansi ilivyoruhusu. Utafiti wa Paul Farrand na wenzake uliochapishwa mwaka 2002, uliohusisha wanafunzi 50 wa udaktari, uliona kumbukumbu ikiongezeka kwa kiasi baada ya wiki moja, lakini waliotumia ramani walikuwa na ari ndogo kuliko waliotumia njia walizozizoea.

Sehemu ya historia hii inayosahauliwa mno ni ile ya programu huria. FreeMind, iliyoanzishwa na Joerg Müller mwaka 2000 kwa lugha ya Java, ilifanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux bila malipo yoyote. Februari 2006 tovuti ya SourceForge, iliyokuwa kitovu cha programu huria, iliitangaza kuwa mradi wa mwezi. Baadaye Dimitry Polivaev, mmoja wa waandishi wake, alijitenga na kuanzisha Freeplane, iliyotoa toleo lake la kwanza thabiti Juni 2010. FreeMind ilififia, Freeplane inaendelea kuboreshwa na watu wasiolipwa. Inafanya kazi bila intaneti, hata kwenye kompyuta kuukuu, na inasikitisha kwamba shule na vyuo vingi vyenye mashine za aina hiyo havijawahi kuisikia.

Baada ya hapo ramani zilihamia kwenye intaneti. MindMeister ilianza mwaka 2007, ikiwawezesha watu kadhaa kuchora ramani moja kwa wakati mmoja. XMind ikaenea kwenye kompyuta na simu. Mindjet ilinunuliwa na kampuni ya Corel mwaka 2016. Buzan alifariki Aprili 2019, na iMindMap ikamezwa na programu ya Ayoa. Nyingi kati ya hizi sasa hulipiwa kwa mwezi au kwa mwaka, na toleo la bure huwekewa mipaka. Faili la FreeMind, ambalo ni maandishi ya kawaida yanayosomeka hata kwa macho, bado hufunguka katika Freeplane, na hata XMind na MindMeister hulipokea.