Kielekezi cha Staki na Njia ya Kurudi

Kompyuta ya EDSAC ilipoanza kazi Cambridge, Uingereza, mwaka 1949, waandishi wa programu walikabiliwa na swali gumu. Programu ikiruka kwenda kwenye kiprogramu cha kukokotoa kipeuo, itajuaje pa kurudi? David Wheeler alibuni mbinu ya kijanja: kiprogramu kikiitwa, kinaanza kwa kuunda amri ya kurudi na kuipachika mwishoni mwake. Lakini nafasi ilikuwa ya anwani moja tu. Kikijiita chenyewe kabla ya kumaliza, anwani ya awali inafutwa na njia ya kurudi inapotea.

Alan Turing alikuwa ameshaliwazia jambo hilo. Katika pendekezo lake la mashine ya ACE, la mwaka 1946, anwani za kurudi zilirundikwa kama sahani: iliyowekwa mwisho hutolewa kwanza. Rundo la namna hiyo huitwa staki. Mwaka 1957, Friedrich Bauer na Klaus Samelson wa Munich waliomba hataza ya wazo la namna hiyo.

Chipu ya Intel 8008, ya mwaka 1972, ilibeba staki tumboni mwake, yenye nafasi ya miito saba tu iliyopandana. Miaka miwili baadaye, 8080 iliihamishia kwenye kumbukumbu ya kawaida. Ndani ya chipu ikabaki rejista moja ya biti 16, kielekezi cha staki, kazi yake kushika anwani ya kilele cha rundo. Uamuzi huo mdogo ulifungua mlango mkubwa.

Tuseme kielekezi kinashika 2400, kwa tarakimu za heksadesimali, na amri ya CALL, inayoita kiprogramu, iko 0100. Amri hiyo huchukua baiti tatu, kwa hiyo pa kurudi ni 0103. Prosesa inaandika 01 kwenye 23FF, kisha 03 kwenye 23FE, na kielekezi kinashuka hadi 23FE. Amri ya kurudi, RET, inazisoma baiti hizo mbili, nacho kielekezi kinapanda tena hadi 2400. Rundo hukua kuelekea chini, jambo linalowachanganya wengi wanaoanza asembli.

Prosesa haikagui kitu. Ukiweka data kwenye staki kwa PUSH ukasahau kuitoa kwa POP, RET itaichukua data yako ikidhani ni anwani.

Novemba 1988 udhaifu huo ulitikisa intaneti. Programu inayojisambaza yenyewe, mnyoo wa Morris, ilituma baiti 536 kwa programu ya fingerd, iliyotenga 512 tu kwenye staki. Zilizozidi ziliifuta anwani ya kurudi, na mashine ikarukia amri za mvamizi.