Alikufa na Bondia Kwenye Ndege Moja, Dunia Ikamlilia Bondia: Stori ya Binti wa Violini

Usiku wa Oktoba 27, 1949, ndege ya Air France iliruka kutoka uwanja wa Orly, Paris, safari ya New York. Ndani kulikuwa na abiria 37 na wafanyakazi 11. Kabla hawajapanda, wapiga picha walikuwa wamejaa pale uwanjani, maana kulikuwa na staa: Marcel Cerdan, bondia wa Kifaransa aliyezaliwa Algeria, bingwa wa dunia wa uzito wa kati mwaka 1948. Mkanda alikuwa ameupoteza Juni 1949 kwa Jake LaMotta, sasa alikuwa anaenda kuutafuta tena.

Halafu kulikuwa na mapenzi. Cerdan alikuwa na mke na watoto, lakini dunia nzima ilijua moyo wake uko kwa Édith Piaf, mwimbaji mkubwa kuliko wote Ufaransa wakati huo. Piaf alikuwa New York anafanya shoo, na inasemekana yeye ndiye aliyembembeleza aache meli, apande ndege ili afike haraka.

Ndege haikufika. Ilitakiwa itue kisiwa cha Santa Maria, huko Azores katikati ya bahari ya Atlantiki, ijaze mafuta. Marubani wakaamini wameshakaribia uwanja, kumbe walikuwa juu ya kisiwa kingine, São Miguel. Usiku wa manane kuamkia Oktoba 28 ikagonga mlima. Watu wote 48 wakafa.

Mpaka leo ukiitafuta ajali hii, utakutana kwanza na Cerdan na Piaf. Filamu zimetengenezwa, vitabu vimeandikwa. Ni haki yao, stori ni nzito. Lakini kuna picha moja ya pale Orly ambayo watu huipita haraka. Cerdan yuko na binti mmoja mwenye nywele nyeusi, na kati yao kuna violini. Nyuma ya violini hiyo kuna stori nyingine, na uzuri wake ni kwamba hii unaweza kuisikia kwa masikio yako mwenyewe.

Binti yule anaitwa Ginette Neveu. Alikuwa na miaka 30. Alikuwa anasafiri na kaka yake Jean-Paul, ambaye ndiye aliyempigia piano kwenye maonyesho. Wote wawili walikufa.

Dogo wa miaka 15 alivyompita mtu mzima

Ginette alizaliwa Paris Agosti 11, 1919. Violini, au fidla kama wanavyoiita watu wa taarab, aliishika akiwa mdogo sana, na akiwa na miaka saba tayari alisimama mbele ya watu kwenye ukumbi wa Salle Gaveau. Akiwa na miaka 11 alichukua tuzo ya kwanza kwenye chuo cha muziki cha Paris, sehemu ambayo watu wazima walikuwa wanatoka jasho.

Baada ya hapo akaenda kushindana Vienna, akashika nafasi ya nne. Hapo wengine wangenuna. Lakini kwenye ukumbi ule alikuwepo Carl Flesch, mmoja wa walimu wakubwa wa violini Ulaya, akamwambia yuko tayari kumfundisha bure. Nyumbani kwao hela ilikuwa ya shida, ikachukua kama miaka miwili mpaka safari ya kwenda kwa mwalimu iwezekane.

Mwaka 1935 yakafanyika mashindano ya Wieniawski mjini Warsaw, Poland. Muungano wa Kisovieti ulimleta David Oistrakh, kijana wa miaka 26 ambaye baadaye dunia ingemwita mmoja wa wapiga violini wakubwa wa karne. Ginette alikuwa na miaka 15. Matokeo yakatoka: Neveu wa kwanza, Oistrakh wa pili. Oistrakh hakuleta visingizio. Alimwandikia mkewe barua na kukiri kwamba yule binti ana kipaji cha kutisha.

Kumbuka hayo majina mawili, tutayarudia mwishoni.

Rekodi kabla ya vita

Mwaka 1938 na 1939 Ginette alirekodi Berlin: vipande vifupi vifupi, pamoja na sonata ya Richard Strauss. Alikuwa hajafika hata miaka 20. Mambo yakawa yanafunguka, mara vita ikaja. Mwaka 1940 Wajerumani wakaingia Paris. Miaka yake ya kuanzia 20 mpaka 25, miaka ambayo msanii anatakiwa azunguke dunia na kujaza studio, ikaliwa na vita.

Haikupotea yote. Juni 1943, Paris ikiwa bado mikononi mwa Wajerumani, alipiga kwa mara ya kwanza sonata ya violini ya Francis Poulenc, mtunzi mwenyewe akiwa kwenye piano. Poulenc aliitunga kwa kumkumbuka Federico García Lorca, mshairi wa Hispania aliyeuawa mwaka 1936, na Ginette ndiye aliyemhimiza mpaka kazi ikakamilika. Mtunzi na mpigaji wake kwenye jukwaa moja, katikati ya vita! Lakini kwenye santuri alizotoa studio, sonata hiyo haimo. Waliokuwa ukumbini walisikia, basi.

London, Novemba 1945

Vita ilipoisha, Ginette akavuka kwenda London. Kampuni ya HMV, ile yenye nembo ya mbwa anayesikiliza gramafoni, ikamwingiza studio za Abbey Road. Ndiyo, Abbey Road ileile ya Beatles, ila wao bado walikuwa watoto wadogo Liverpool.

Hiyo HMV si ngeni kwetu. Mwaka 1928 ndiyo iliyomrekodi Siti binti Saad wa Zanzibar kule Bombay, na ni kwa sababu ya santuri zile ndiyo maana watu wanaongelea sauti yake mpaka leo. Tofauti ni dunia mbili, ila mbwa ni yuleyule.

Kazi aliyochagua Ginette ilikuwa konseto ya violini ya Jean Sibelius wa Finland. Konseto ni mpigaji mmoja anasimama mbele, okestra nzima nyuma yake, na hii ya Sibelius ni kati ya zile zinazoogopwa. Okestra ilikuwa Philharmonia, changa kabisa, imeanzishwa mwaka uleule. Aliyeiongoza ni Walter Susskind.

Sasa elewa walivyokuwa wanarekodi. Hakuna kompyuta, hakuna kukata na kubandika. Sauti ilikuwa inachongwa moja kwa moja kwenye sahani ya nta. Upande mmoja wa santuri unabeba kama dakika nne na kidogo. Konseto inachukua nusu saa, kwa hiyo inabidi ikatwe vipande: mnapiga dakika nne, mnasimama, mnasubiri, mnaanza pale mlipoishia na mzuka uleule. Ukikosea noti moja dakika ya tatu, upande mzima unarudiwa. Okestra yote inarudi mwanzo kwa sababu yako.

Jaribu kuisikiliza huku ukijua hilo. Mwanzo nyuzi za okestra zinatetemeka kwa sauti ya chini kama upepo wa baridi, halafu violini inaingia taratibu, peke yake, haina haraka. Baada ya hapo Ginette anaanza kubana. Kwenye nyuzi za chini sauti yake ni nzito, nyeusi, karibu kama mtu anayeongea kwa hasira aliyoizuia. Sehemu ya tatu ina mdundo wa ngoma, na yeye anaikimbiza bila kupoteza mguu. Huwezi kusikia kwamba kazi ile ilipigwa kwa vipande. Unasikia mtu mmoja, pumzi moja.

Sibelius mwenyewe alikuwa bado hai, mzee wa karibu miaka 80. Alimsifia Ginette waziwazi kwa jinsi alivyoipiga kazi yake.

Brahms mara tatu

Agosti 1946 akarudi studio London na konseto ya Brahms, safari hii na kondakta Issay Dobrowen. Mwaka huohuo akarekodi pia Chausson na Ravel, na mwaka 1948 sonata ya Debussy pamoja na kaka yake kwenye piano. Ukizikusanya santuri zake zote za studio, zinaingia kwenye CD chache tu. Maisha yote ya kazi, mchana mmoja unayamaliza.

Lakini redio iliokoa kitu. Ujerumani walikuwa na teknolojia ya utepe wa sumaku tangu miaka ya 1930, na stesheni zao zilirekodi matamasha mubashara. Mei 1948 Ginette alipiga Brahms Hamburg na okestra ya redio chini ya Hans Schmidt-Isserstedt, na utepe upo. Juni 1949 akaipiga tena Den Haag, Uholanzi, na Antal Doráti, nayo ipo.

Kwa hiyo kuna Brahms tatu za mtu mmoja ndani ya miaka mitatu, na hapo ndipo utamu ulipo. Ile ya studio London ni safi, imepangwa, kila kitu kiko mahali pake. Ya Hamburg ni moto. Okestra inatangulia kwa zaidi ya dakika mbili huku yeye amesimama anasubiri, halafu anaingia kama mtu aliyefungua mlango kwa bega. Hakuna kusimama kila dakika nne, hakuna kurudia, na unasikia anachukua hatari ambazo studio asingezichukua. Halafu sehemu ya pili inaanza, filimbi ya obo inaimba wimbo mrefu, na yeye anapoupokea anashuka mpaka unaweza kudhani ni mtu mwingine.

Mashabiki wa muziki huu wanabishana miaka na miaka ipi kali zaidi, studio au Hamburg, kama watu wanavyobishana bao gani lilikuwa bora. Wengi wanasimama na Hamburg.

Rekodi ya mwezi mmoja kabla

Septemba 25, 1949, Baden-Baden, Ujerumani, Ginette alipiga konseto ya Beethoven na kondakta Hans Rosbaud. Redio ikarekodi. Sauti si nzuri kama za leo, lakini kazi inasikika. Beethoven hii si ya kuonyesha misuli, ni muziki wa utulivu, na mpigaji asiyekomaa anaumbuka kwa sababu hana pa kujificha. Ginette hajifichi. Ule ukali wa Sibelius upo bado, ila sasa ameushika mkononi, anautoa pale tu anapotaka. Unasikia mtu aliyekuwa anaingia kwenye ukubwa wake.

Siku 33 baadaye, ndege ikagonga mlima.

Kuna hadithi iliyosambaa kwamba alikutwa ameikumbatia violini yake, kazi ya familia ya Stradivari. Inaliza, na watu wanaipenda. Ukweli ni mgumu zaidi: miili ilichanganywa, na Ginette akazikwa kwanza sehemu nyingine, Alsace, kwa jina la abiria mwingine. Kosa lilipogundulika mwili wake ukafukuliwa, akaja kuzikwa Paris, makaburi ya Père Lachaise, alipolazwa Chopin. Sasa kama kweli alikutwa na violini mikononi, wangemchanganya vipi na mtu mwingine?

Aliyebaki nyuma

Turudi Warsaw 1935, yale majina mawili. Oistrakh, aliyeshika nafasi ya pili, aliishi mpaka 1974. Alikuta santuri za muda mrefu, akakuta sterio, akarekodi karibu kila kazi kubwa ya violini, nyingine mara kadhaa. Akichoka na rekodi ya zamani anafanya mpya. Dunia inamjua, na anastahili.

Aliyemshinda alifia mlangoni. Santuri inayobeba zaidi ya dakika 20 kwa upande ilitoka Marekani mwaka 1948, mwaka mmoja tu kabla ya ajali. Ginette hakuwahi kuingia studio akaambiwa apige sehemu nzima bila kukatwa. Mara chache alizopiga hivyo na zikabaki, ni kwa sababu fundi fulani wa redio alikumbuka kuwasha mashine.

Na hilo ndilo linalouma ukifikiria. Siku hizi mtu anarekodi chakula chake kabla ya kula. Ginette Neveu alipiga matamasha kutoka Ulaya mpaka Amerika, na usiku mwingi wa namna hiyo ulikufa palepale ukumbini watu walipopiga makofi na kuondoka. Cerdan alibaki kwenye filamu, Piaf alibaki kwenye kila redio. Wa kwake ni huo mchana mmoja wa muziki.

Ukitaka kuanza, anza na Sibelius ya 1945, sehemu ya tatu. Ikikushika, nenda Brahms ya Hamburg, weka spika za masikioni, zima kila kitu. Vumilia mikwaruzo ya mwanzo, ni kama vumbi kwenye kioo. Subiri zile dakika mbili za okestra ziishe.

Halafu atafungua mlango kwa bega.