Nyumba Zilizonyamaza: Ukosefu wa Kazi na Maisha ya Familia katika Ujerumani na Austria, 1929–1933

1. Utangulizi

Mwezi wa Septemba 1929 watu wapatao milioni 1.3 walikuwa wameandikishwa nchini Ujerumani kuwa hawana kazi. Mwezi wa Februari 1932 idadi hiyo ilikuwa imepita milioni 6, na wengine wengi walikuwa wameacha hata kwenda kujiandikisha. Nyuma ya majina hayo walikuwapo wake, watoto na wazazi wazee waliotegemea mshahara uliokatika.

Wanahistoria wengi wameieleza miaka hiyo kwa kutazama mabenki, bunge na vyama vya siasa. Katika makala hii tunapenda kuitazama kutoka ndani ya nyumba. Husemwa mara nyingi kwamba njaa huzaa hasira na hasira huzaa machafuko, na kwa njia hiyo watu hueleza kwa urahisi jinsi Adolf Hitler alivyoingia madarakani mwaka 1933. Ushahidi tulio nao unasema vingine. Ukosefu wa kazi uliodumu ulizaa unyamavu kuliko hasira, na pasipo kuuelewa unyamavu huo hatuwezi kuielewa historia ya miaka ile.

2. Jinsi anguko lilivyoingia

Baada ya mpango wa Dawes wa mwaka 1924, makampuni na miji ya Ujerumani ilikopa fedha nyingi kutoka Marekani, na sehemu kubwa ya mikopo hiyo ilikuwa ya muda mfupi. Soko la hisa la New York lilipoanguka mwezi wa Oktoba 1929, mikopo mipya ilipungua na ile ya zamani ikadaiwa. Viwanda vilipoteza wanunuzi, vikapunguza wafanyakazi. Wafanyakazi waliopunguzwa hawakuweza tena kununua nguo wala viatu, na kwa sababu hiyo viwanda vya nguo na viatu navyo vikapunguza watu wake. Mwezi wa Mei 1931 benki ya Creditanstalt ya Vienna, iliyokuwa kubwa kuliko zote katika Austria, ilitangaza hasara kubwa mno. Mwezi wa Julai mwaka huohuo benki ya Danat ya Ujerumani ilifunga milango yake.

Serikali haikuwa mtazamaji tu. Ujerumani ilikuwa na sheria ya bima ya wasio na kazi tangu mwaka 1927, lakini mfuko wake haukuwekwa kwa ajili ya mamilioni. Mwezi wa Machi 1930 serikali ya Hermann Müller ilivunjika kwa sababu vyama vilivyoiunda vilishindwa kupatana juu ya michango ya bima hiyo. Chansela aliyefuata, Heinrich Brüning, alitawala zaidi na zaidi kwa amri za dharura zilizotiwa sahihi na Rais. Alipunguza mishahara ya watumishi wa serikali, akaongeza kodi na kupunguza msaada, akitaka mapato ya serikali yalingane na matumizi. Watu walikuwa bado wanakumbuka mwaka 1923, fedha ilipopoteza thamani yote, na kumbukumbu hiyo iliwafanya wengi waogope serikali kutumia fedha kuliko walivyoogopa watu kukosa kazi.

3. Ngazi tatu za msaada

Mtu aliyeachishwa kazi alishuka ngazi tatu. Kwanza alilipwa na bima, kwa majuma yaliyohesabiwa. Muda huo ulipokwisha, alipewa msaada wa dharura uliokuwa mdogo zaidi. Mwishowe alipelekwa kwenye ofisi ya ustawi ya mji wake. Hapo msaada haukuwa haki yake tena. Mkaguzi alifika nyumbani, akatazama vyombo na kuuliza nani anaingiza nini. Kanuni ziliuhesabu msaada huo kuwa deni ambalo mtu angeweza kudaiwa siku atakapopata kazi.

Utaratibu huu uliingia katikati ya mahusiano ya watu. Kwa kuwa kipato cha watu wa nyumba moja kilihesabiwa pamoja, binti aliyepata ujira kidogo alisababisha msaada wa baba yake upunguzwe. Baba aliyezoea kuilisha nyumba alikula sasa kwa mkono wa mtoto, na mtoto aliyetaka kuoa au kuolewa alizuiwa na haja ya wazazi. Ndoa zilipungua, na watoto waliozaliwa walipungua pia.

Lawama ziliwaangukia wanawake walioolewa waliokuwa na ajira, kwa madai kwamba nyumba moja haistahili mishahara miwili. Mwezi wa Mei 1932 ilipitishwa sheria iliyoruhusu wanawake wa namna hiyo kuachishwa katika utumishi wa serikali kuu. Idadi yao ilikuwa ndogo mno kuweza kuwapatia kazi watu milioni 6. Walilaumiwa kwa sababu walikuwa karibu na walionekana, lakini mabenki yalikuwa mbali.

4. Ushahidi wa Marienthal

Kuhusu yaliyotokea ndani ya familia zenyewe, ushahidi ulio bora unatoka Austria, nchi jirani iliyopigwa na anguko lilelile. Kijiji cha Marienthal, karibu na Vienna, kilikuwa kimeishi kwa kiwanda kimoja cha nguo tangu mwaka 1830. Kati ya mwaka 1929 na mwanzo wa 1930 kiwanda hicho kilifungwa idara kwa idara. Mwishoni mwa mwaka 1931 watafiti kutoka Vienna, wakiongozwa na Paul Lazarsfeld, Marie Jahoda na Hans Zeisel, walianza kuchunguza maisha ya familia 478 za mahali hapo. Karibu robo tatu yake ziliishi kwa fedha za msaada. Watafiti walijiwekea sharti kwamba wasiingie kama wapelelezi. Waligawa nguo, wakafundisha ushonaji, wakaleta daktari. Kitabu chao kilitoka mwaka 1933.

Wengi walitazamia kwamba watu wenye muda mwingi wangesoma zaidi na kushiriki zaidi katika siasa. Ilikuwa kinyume. Ingawa ada ya maktaba ya wafanyakazi iliondolewa, vitabu vilivyoazimwa vilipungua karibu nusu kati ya 1929 na 1931. Wasomaji wa gazeti la chama walipungua. Watafiti waliwatazama watu barabarani, wakaona kwamba wanaume walitembea polepole na kusimama mara kwa mara, na wengi hawakuvaa saa tena. Mwanamume alipoulizwa amefanya nini tangu asubuhi, alitaja mambo mawili au matatu, na saa zilizobaki hakuweza kuzieleza. Wanawake walitembea upesi, kwa maana kazi ya kupika, kufua na kutia viraka ilikuwa imeongezeka. Wao walikuwa wamepoteza mshahara tu. Kazi waliendelea kuwa nayo.

Masharti ya msaada yalizuia hata bidii ndogo. Mtu mmoja alinyimwa msaada kwa sababu alisaidia kukata miti ili apewe kuni. Mwanamke mmoja alinyimwa kwa sababu alipeleka maziwa nyumba kwa nyumba na kupewa kidogo kwa ajili ya watoto wake. Mambo hayo yalifika ofisini kwa vinywa vya majirani: barua za kushtakiana zisizo na jina ziliongezeka sana katika miaka ile.

Watoto walijifunza hali hii mapema. Walipoombwa kuandika zawadi wanazotamani kwa Krismasi, matakwa ya watoto wa Marienthal yaligharimu kiasi cha shilingi 12 za Austria kwa wastani, na yale ya watoto wa vijiji jirani kiasi cha shilingi 36. Tena wengi waliandika kwa sharti: kama wazazi wangekuwa na fedha, ningependa kitu fulani.

Watafiti walikadiria kwamba karibu familia 7 katika kila 10 zilikuwa zimesalimu amri: nyumba ilifagiliwa, watoto walitunzwa, lakini hakuna aliyepanga jambo la kesho. Familia zilizobaki na moyo zilikuwa na wastani wa shilingi 34 kwa mwezi kwa kila mtu mzima. Zile zilizovunjika kabisa zilikuwa na 19. Hapa pana jibu kwa wale wanaosema kwamba asiye na kazi ni mvivu. Tofauti kati ya nyumba yenye tumaini na nyumba isiyo nalo ilifuatana na shilingi 15.

5. Hasira ilitoka wapi

Ikiwa wasio na kazi walinyamaza, ni nani aliyempa Hitler kura? Mwaka 1928 chama chake kilipata viti 12 bungeni. Septemba 1930 kilipata 107. Julai 1932 kilipata 230. Utafiti wa kura hizo umeonyesha kwamba wafanyakazi wasio na kazi walioendelea kupiga kura waliwaelekea zaidi Wakomunisti. Chama cha Hitler kilipata nguvu hasa kwa wakulima, wenye maduka madogo, watumishi na wastaafu, yaani watu waliokuwa bado na kitu cha kupoteza na waliotishwa na hali ya majirani wao. Nacho kilipata kura nyingi zaidi katika maeneo ya Kiprotestanti kuliko ya Kikatoliki. Jambo hili linawahusu wasomaji wa jarida hili, wala halifai kupitwa kimyakimya. Wengi wa wapiga kura hao walikuwa waumini wenye kazi zao.

6. Tanganyika

Anguko hilohilo lilifika huku kwetu. Bei ya mkonge, zao kuu la Tanganyika katika soko la nje, ilishuka kwa zaidi ya nusu kati ya 1929 na 1932, na mashamba makubwa yakapunguza vibarua na ujira. Lakini kibarua wengi walikuwa na mahali pa kurudi. Shida yao ilikuwa fedha ya kodi, kwa sababu serikali iliendelea kuidai wakati mazao yaliuzwa kwa bei duni. Aliyerudi kijijini alikuwa amekosa ujira, naye alikuta jembe likimngoja. Mtu wa Marienthal alikosa vyote viwili kwa siku moja. Kulinganisha huku kunatuonyesha kwamba ukali wa ukosefu wa kazi hutegemea pia kama familia ina kitu kingine cha kushika.

7. Hitimisho

Tumeona mambo matatu. Kwanza, mdororo wa uchumi uliingia nyumbani pamoja na kanuni za msaada, na kanuni hizo ziliweza kuigawanya familia iliyokuwa ikijitahidi kusimama. Pili, kukata tamaa hakukuwa udhaifu wa tabia. Kulifuata kiasi cha fedha kilichobaki mezani. Tatu, waliojeruhiwa zaidi ndio waliosikika kidogo zaidi, na waliopiga kelele walikuwa wale walioogopa kujeruhiwa.

Kwa hiyo anayetaka kupima shida ya watu kwa wingi wa maandamano atapima vibaya. Watafiti wa Marienthal waliijua shida ile kwa sababu waliingia nyumbani, wakiwa na kitu cha kuwafaa wenyeji, wakauliza watoto wamekula nini asubuhi. Wachungaji na walimu wanaotembelea nyumba za watu tayari wanayo nafasi hiyo. Wakienda bila daftari la mkaguzi, wataambiwa yale ambayo ofisi haikuambiwa.