Matini na Isnadi ya Fidla: Vyombo vya Mabingwa kama Hati za Tarikhi

Sisi tuliosoma tarikhi katika madrasa za Kiarabu na skuli za Kiingereza tumelelewa kuamini karatasi. Tukitakiwa ushahidi, twatafuta barua, hati ya mirathi au daftari la forodha. Makala hii inakusudia kuonesha kwamba ala ya muziki nayo ni hati, na kwamba mwenye subira anaweza kuisoma. Nimechagua fidla kwa kuwa ni miongoni mwa ala zilizochunguzwa sana na wataalamu, na kwa kuwa ilitoka Ulaya ikaingia Misri na Unguja, na kote huko ikapokewa kama mwana wa nyumba. Katika nyumba za jamaa zetu wa Maskati, Dubai na London zimo fidla ambazo hadi leo hazijasomwa na mtu.

Wanachuoni wa Hadithi walitufundisha kuchunguza mambo mawili: matini, yaani maneno yenyewe, na isnadi, yaani silsila ya watu waliyoyapokea na kuyafikisha. Fidla ina yote mawili. Matini yake ni mbao, vanishi, lebo iliyobandikwa ndani na alama zilizoachwa na mikono. Isnadi yake ni mlolongo wa walioimiliki na kuipiga. Mara nyingi moja hubaki na jingine likapotea.

Tuanze na iliyo mashuhuri kuliko zote. Niccolò Paganini, aliyezaliwa Genoa mwaka 1782, alipiga kwa miaka mingi fidla iliyotengenezwa Cremona mwaka 1743 na Giuseppe Guarneri, anayejulikana kwa lakabu ya del Gesù. Kwa ukubwa wa sauti yake aliiita Il Cannone, yaani mzinga. Inasimuliwa kwamba katika ujana wake alifika Livorno bila ya ala, kwani yake ilikuwa imepotelea katika kamari. Mfanyabiashara mmoja akamwazima hii, na alipokwisha kumsikia akakataa kuichukua tena. Kisa hiki ni cha mapokezi, na mwanahistoria hukipokea kwa hadhari kama visa vyote vya namna hiyo. Mwisho wa mambo, lakini, umo katika maandishi: Paganini aliusia fidla hiyo kwa mji wake, akafariki Nice mwaka 1840, na mwaka 1851 mji wa Genoa ukaikabidhiwa. Mpaka leo mji unaihifadhi. Isnadi yake, basi, ni dhaifu mwanzoni na madhubuti mwishoni.

Na matini yake? Vanishi imelika pale kidevu kilipokaa. Kipande cha kuegemeza kidevu, ambacho leo kila fidla inacho, kilibuniwa na Louis Spohr karibu na mwaka 1820, na Paganini hakukizoea. Jasho na msuguano wa ngozi yake vikaandika juu ya mbao namna alivyoishika ala yake. Hakuna barua itakayotueleza jambo hilo kwa uhakika zaidi. Lau wahifadhi wa Genoa wangeipaka vanishi mpya ili ing'are, wangeufuta ushahidi huo kwa siku moja.

Kisa cha pili ni cha isnadi iliyokatika. Tarehe 28 Februari 1936 Bronisław Huberman, bingwa kutoka Poland, alikuwa akitumbuiza katika ukumbi wa Carnegie Hall, New York. Usiku ule alipiga fidla yake ya Guarneri, na ile ya Antonio Stradivari ya mwaka 1713 akaiacha katika chumba cha wasanii. Ikaibwa. Kampuni ya bima ya Lloyd's ya London ikamlipa, na mwenyewe akafariki mwaka 1947 asiione tena. Kumbe fidla ilikuwa mikononi mwa Julian Altman, mpigaji asiye na jina kubwa, aliyeipiga hadharani kwa takriban nusu karne. Alikuwa ameifunika kwa rangi ya viatu ili isitambulikane. Alipokaribia kufa, mwaka 1985, alimfunulia mkewe siri hiyo, na ndani ya kasha la fidla vikakutwa vipande vya magazeti vyenye habari za wizi wenyewe. Mwaka 1987 ikarudishwa kwa Lloyd's, na tangu 2001 inapigwa na Joshua Bell.

Kisa hiki kina mafunzo mawili kwetu. Kwanza, ala inaweza kusikika kila wiki na bado ikawa imepotea, kwa kuwa hakuna anayejua ni ipi. Pili, kasha ni sehemu ya hati. Wengi wetu tukirithi fidla kuukuu hutupa kasha lililooza tukanunua jipya, tusijue tumetupa nini.

Lebo nayo ina tabia zake. Katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, miji ya Markneukirchen ya Ujerumani na Mirecourt ya Ufaransa ilitoa fidla kwa maelfu, na nyingi zilibandikwa lebo ya jina la Stradivari. Kwa hivyo anayechungulia ndani ya fidla ya babu yake akaliona jina hilo asikimbilie kwa dalali. Badala yake atazame kama pana jina la nchi ilikotengenezwa, kwa kuwa sheria ya forodha ya Marekani ya mwaka 1890 ililazimisha bidhaa za nje zitajwe nchi zao, na viwanda vikaanza kuchapa hivyo. Neno hilo moja dogo huonesha kwamba fidla ni ya zama za meli za moshi. Wataalamu hufika mbali zaidi kwa kuhesabu miviringo ya mti. Fidla ya Stradivari iitwayo Messiah, ya mwaka 1716, iliyopo Ashmolean Museum, Oxford, iliwahi kutiliwa shaka. Uchunguzi ulionesha kwamba mviringo wa mwisho unaoonekana kwenye ubao wake wa mbele ni wa mwaka 1687. Hilo halimthibitishi fundi, lakini linaondoa dai kwamba mbao ni za karne ya baadaye.

Waarabu walipoipokea fidla waliipa jina la kamanja, ambalo kabla yake lilikuwa la ala nyingine ya upinde. Haikuwa vigumu kuipokea, kwa kuwa shingo yake haina vigawanyo, na kidole kinaweza kutua popote, hata kwenye robo za sauti ambazo maqamu zetu zinazihitaji. Piano haiwezi, na katika Kongamano la Muziki wa Kiarabu la Cairo, mwaka 1932, jambo hilo lilizua mjadala mkali. Ulaya hufunga nyuzi nne kwa sol, re, la, mi. Mabingwa wa Kiarabu, kama Sami al-Shawa mwenye asili ya Halab, aliyeitwa Amiri wa Kamanja, walizoea sol, re, sol, re, ili vidole vifuate njia ile ile juu na chini. Huko Maghribi wapigaji wengi wa Kiandalusi huisimamisha fidla juu ya goti. Ala iliyopigwa hivyo haiwezi kulika mahali pa kidevu. Kwa hivyo alama zile zile tulizozisoma kwa Paganini hutuambia hapa kwamba mpigaji alifunzwa kwa namna nyingine.

Tufike kwetu. Wazee wanasimulia kwamba Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Cairo akajifunze ganuni. Klabu ya Ikhwani Safaa ikaundwa mwaka 1905. Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, fidla ilikuwamo katika sauti zilizorudi kwenye sahani za santuri. Kufikia miaka ya 1950, kwa kufuata mtindo wa filamu za Misri, fidla zilikuwa safu nzima katika vikundi vya taarabu. Zilitoka wapi? Nani aliagiza, dukani kwa nani, kwa bei gani? Nyingi zilikuwa mali ya klabu, zikipita mkono kwa mkono, na jina la mpigaji halikuandikwa popote. Baada ya mwaka 1964 watu wakatawanyika, na baadhi ya fidla zikasafiri nao. Matini tunayo, isnadi imo vichwani mwa wazee wachache, na kila mwaka wanapungua.

Ndugu msomaji, ikiwa nyumbani kwako imo fidla ya namna hii, usiisugue wala usiipake kitu. Ipige picha mbele, nyuma na ubavuni, na mulika ndani ya matundu yake uinakili lebo kama ilivyo, pamoja na makosa yake. Chunguza kasha, hata chini ya kitambaa kilichobandikwa ndani. Kama bado ina nyuzi na yupo anayejua ilivyofungwa, andika sauti zake. Kisha kaa na mkubwa wa nyumba umuulize: nani aliipiga, alifundishwa na nani, aliipata kwa nani, ilivuka bahari mwaka gani? Andika jibu kwa maneno yake mwenyewe, weka tarehe, na chini yake utie jina lako wewe uliyelipokea. Atakayekuja baada yetu atahitaji kujua habari hizo zilimfikia kupitia kwa nani.